Mwalimu Dafroza na Ng'ombe wa Rwegoshora

Dafroza alirudia darasa la kwanza mara tatu, na wala hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Akina mama wa Nyabiyonza, huko Karagwe, waliokwenda kumkaribisha alipohamia huko na mumewe, karani wa baraza, waliambiwa siku ileile, kabla hata kahawa ya kutafuna haijapitishwa, kwamba mgeni wao alikaa miaka mitatu kwenye benchi moja kule Muleba huku wenzake wakipanda madarasa, na kwamba mtawa aliyemfundisha alimwita gogo. "Gogo lenyewe ndilo hili," alisema akijipiga kifua, kifua ambacho hakikuwa haba, "na sasa lina cheti." Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Wakarudi kwao wakisema karani ameoa mtu.

Cheti kilikuwepo kweli, kimekunjwa ndani ya Kitabu cha Sala. Alimaliza darasa la sita, akapata mwaka mmoja wa mafunzo ya kufundisha wasichana kushona na kutunza nyumba. Mumewe alipofariki mwaka 1948, shemeji zake walimngoja arudi Muleba, wakangoja, wakachoka. Hakuwa na mtoto wa kumrudisha huko. Shule ya Serikali ya Wenyeji iliyokuwa kilimani ilikuwa inatafuta mwalimu wa ushonaji, naye akavuka bonde kwa miguu, sauti yake ikiwa imetangulia, akaomba kazi.

Mwalimu mkuu pale aliitwa Yustus. Hakuwa mtu mbaya, nalisema mapema ili asije akaonewa. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ukipewa watoto wengi na mabenchi machache huwa mkali. Mtoto aliyeshindwa darasa la kwanza mara mbili alifutwa kwenye rejista kwa wino mwekundu, nafasi yake ikapewa mwingine aliyekuwa akingoja. Januari ya mwaka 1951 walifutwa tisa. Wote tisa waliendelea kuja. Wengine wazazi wao hawakuwa wameambiwa, wengine waliambiwa wakakataa kuamini. Walikaa nje ya uzio wa mianzi kutwa, wakisikiliza wenzao wakiimba herufi, na kengele ya mwisho ikilia walirudi makwao kama watu waliotoka kusoma.

Dafroza aliwatazama kwa wiki moja. Alisema baadaye kwamba sindano ilikuwa inamchoma vidole kwa sababu macho yake yalikuwa nje. Wiki ilipokwisha alimwendea mwalimu mkuu.

"Mwalimu Yustus, wale tisa nipe mimi."

"Uwafanye nini, mama?"

"Niwafundishe."

"Wamefundishwa. Mara mbili."

"Mimi nilifundishwa mara tatu," alisema Dafroza, "na leo unanilipa mshahara."

Yustus alipangusa miwani yake, akaandika barua Bukoba. Jibu lilikuja baada ya mwezi. Mwalimu wa ushonaji apewe ghala la zamani la kahawa lililokuwa nyuma ya shule, awe na wale tisa kwa mwaka mmoja. Mwezi Novemba mkaguzi angekuja kuwapima. Wakifaulu sita, waliofaulu wangeingia darasa la tatu na darasa la ghalani lingeendelea kuchukua wengine. Wakipungua sita, ghala lingefungwa, na hao tisa wasingepokelewa tena katika shule yoyote ya Serikali ya Wenyeji. Dafroza alisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Alikuwa ameomba watoto, sasa amepewa na kisu cha kuwakatia.

Benchi hakupewa, naye hakuliomba. Alitandika nyasi ghalani, zile zinazotandikwa sebuleni kwa watu wa huko, watoto wakaketi walivyozoea kuketi nyumbani. Elpidius alikuwa na kigugumizi, basi akasoma kwa kuimba, maana akiimba ulimi haukumsumbua. Kamugisha alikuwa hawezi kutulia hata kwa dawa, basi alichota maji akitaja majedwali, hatua moja jawabu moja, na shule nzima ilikunywa maji mengi mwaka ule. Hesabu walifanya kwa buni za kahawa na kwa vidole vya ndizi, na aliyekosea alikula kosa lake, akarudia. Mwalimu Yustus alipita dirishani akitikisa kichwa. Siku nyingine alipita polepole zaidi.

"Nawaanzisha na kilichopo kwao," Dafroza alimweleza. "Mimi niliambiwa nihesabu matofaa. Matofaa, Mwalimu! Sijayaona mpaka leo."

Mmoja tu ndiye aliyemshinda. Aliitwa Kemirembe, msichana wa miaka kama kumi, binti wa Rwegoshora, mfugaji wa upande wa Igurwa kwenye mbuga za malisho. Kusoma alisoma, kwa sauti ndogo, macho chini. Ila swali la hesabu likisomwa alifunga mdomo, na hapo hata umpe asali. Katika rejista, mbele ya jina lake lililofutwa, Yustus alikuwa ameandika: hana akili ya hesabu. Dafroza hakuamini. Aliwaza siku kadhaa, halafu akapata wazo lililomfurahisha sana, na hapo ndipo alipoharibu.

Kwao Kemirembe kuna nini? Kuna ng'ombe. Basi alasiri moja aliwachukua wote tisa, wakavuka bonde hadi kwa Rwegoshora, akawapanga kando ya zizi. Ng'ombe walipoanza kurudi kutoka malishoni, wenye pembe ndefu, wakiingia mmojammoja langoni, mwalimu wetu aliinua mkono, akanyoosha kidole, akaanza kwa sauti ile yake: "Moja! Mbili! Tatu! Haya, semeni wote!" Watoto wakasema wote. Walifika kumi na saba kabla hajagundua kwamba Kemirembe ameziba masikio na analia, na kwamba mama wa nyumba ametoka amejishika kichwa, na kwamba Rwegoshora anakuja mbio na fimbo mkononi.

Mtu wa ng'ombe hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo, seuze kwa kidole. Anawajua kwa rangi na kwa majina. Akipungua mmoja, moyo humwambia kabla lango halijafungwa. Idadi anayo pia, asidanganye mtu, lakini hukaa nayo kimya, kwa kuwa kuitamka ni kuliita baya lije lichague. Kila mtoto wa mfugaji hulijua hilo kabla ya kujua kuvaa nguo. Dafroza alizaliwa migombani huko Muleba, kwenye nyumba zenye ng'ombe wawili wa kutoa mbolea, hakulijua. Wala hakulijua aliyetunga kitabu cha hesabu cha shule, kitabu kilichojaa ng'ombe tangu ukurasa wa kwanza: baba ana ng'ombe kumi na wawili, ameuza wanne. Kumbe kwa miaka miwili mtoto yule alikuwa anaombwa awaue ng'ombe wa baba yake mbele ya darasa, naye alikataa.

Siku ya nne ng'ombe aitwaye Mayenje, mwenye mimba, alianguka malishoni akafa. Ng'ombe hufa, hilo kila mtu analijua, na Dafroza alijiambia hivyo mara nyingi. Hakukumsaidia. Rwegoshora hakuja kugomba. Alimtuma mtu aseme maneno mawili tu: mtoto ameacha.

Siku hiyo Dafroza hakufundisha vizuri. Alisahau kumkemea Kamugisha, watoto wakaogopa kuliko wangekemewa. Aliumia kwa ajili ya ng'ombe, aliumia zaidi kwa ajili ya mtoto, na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba yeye, gogo, aliyeapa hatamfanyia mtoto alichofanyiwa yeye, ndiye aliyekuwa amemfukuza Kemirembe shule kwa mara ya pili.

Jumamosi alijaza kikapu kidogo kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa vizuri, akaenda kwa Rwegoshora. Alipiga magoti mlangoni. Rwegoshora hakutoka. Jumamosi iliyofuata alipiga magoti tena. Rwegoshora alitoka, akaitikia salamu, akarudi ndani. Ya tatu mvua ilikuwa imenyesha, na mama huyu mnene alikuwa ameteleza mara mbili njiani, kanga yake ina tope hadi kiunoni. Rwegoshora alitoka, akaitazama kanga ile. Kisha akanyoosha mkono, akachukua punje moja ya kahawa kikapuni, akaitia mdomoni. Mtu akishapokea kahawa yako, mnaweza kuzungumza.

"Waitu, nimekosa," alisema Dafroza, akimwita kwa heshima ya huko. "Sikujua. Lakini kutojua kwangu hakumrudishi Mayenje."

Rwegoshora alitafuna polepole. "Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

"Na huko kote hawakukwambia?"

"Hawakuniambia, waitu."

"Basi hata wewe una ya kujifunza."

"Nifundishe," alisema Dafroza. "Mimi ni mzito, nakuonya mapema. Itabidi urudie."

Rwegoshora alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka puani. Alimwambia ainuke akaketi pale zizini, kando ya Kemirembe, asinyooshe kidole, afumbe mdomo asikie. Ng'ombe wakaingia. Mtoto aliyekuwa hajawahi kutamka sentensi mbili mfululizo darasani akaanza kusema, akasema mpaka wa mwisho alipoingia: huyu Bihogo, mwekundu wa kahawia, anapenda chumvi, huyu Kagaju, mama wa yule, huyu Mutare, mweupe, ana hasira, huyu Kyasha, ana alama nyeupe kwenye paji, mvivu, siku zote huja nyuma. Dafroza alisikiliza mdomo wazi. Alitamani kumkumbatia, akajizuia, akamkumbatia.

"Majina umepewa," Rwegoshora alimwambia alipoaga. "Idadi hujapewa."

"Sitaiomba," alijibu Dafroza, na hakuiomba kamwe.

Kemirembe alirudi ghalani Jumatatu. Alijifunza kuandika kwa majina ya ng'ombe wa kwao, siku moja jina moja au mawili, na Dafroza alikuwa anafuta ubao kila jioni yasije yakajikusanya. Hesabu alifanya kwa buni za kahawa. Alipogundua kwamba hakuna atakayemwuliza habari ya zizi, akili ile ambayo haikuwepo ikafika yote kwa pamoja, na ilipofika Septemba alikuwa anamsahihisha Elpidius. Dafroza alilia siku hiyo, akasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa mbali.

Mkaguzi alifika Jumatano moja ya Novemba, kwa baiskeli. Aliitwa Bwana Egbert, kijana wa Bukoba, soksi nyeupe mpaka magotini, mwenye haki na mwenye haraka. Wazazi waliketi kwenye nyasi nje ya mlango. Rwegoshora hakuketi. Alisimama pembeni na fimbo yake, akamwambia kila aliyemuuliza kwamba alikuwa anapita tu, ingawa njia ya kwenda kokote haipiti nyuma ya shule ile.

Mtihani ulikuwa wa mambo matatu: kusoma ukurasa mmoja, hesabu tano, na kuandika ubaoni kwa kumbukumbu maneno yasiyopungua thelathini yasiyo na kosa. Elpidius alisoma, na alipokwama aliimba, mkaguzi akainua nyusi akampa alama. Kamugisha alifika neno la kumi na tano akatoka nje kuitazama baiskeli, akashindwa. Hadi saa tisa walikuwa wamepimwa wanane. Watano wamefaulu, watatu wameanguka. Mwalimu Yustus, ambaye alikuwa amesimama ukutani tangu asubuhi bila kukaa, aliinama akamnong'oneza Dafroza, "Amebaki mmoja." Dafroza alijua. Alikuwa hajui kitu kingine.

Kemirembe alisoma bila kosa. Hesabu zilizomwangukia zilikuwa za magunia na za mbuzi, akapata nne kati ya tano. Kisha akapewa chaki. Aligeukia ubao, akaanza kuandika harakaharaka, mistari ikashuka mpaka akapiga magoti kumalizia chini. Dafroza aliona neno la kwanza, Bihogo, akaona la pili, akaelewa. Mtoto alikuwa ameulizwa maneno anayoyajua, naye akaandika aliyoyajua kuliko yote. Zizi zima lilikuwa limesimama ubaoni.

Bwana Egbert alisogea, akanyoosha penseli kwenye mstari wa kwanza. "Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Kemirembe alimtazama mwalimu wake, akatazama mlangoni alikokuwa baba yake. Penseli ilipofika la nne, aliinua mkono wake, akaufuta ubao wote kwa kiwiko, juu mpaka chini, akabaki amesimama na vumbi la chaki hadi begani.

"Unafanya nini wewe?" mkaguzi alifoka. "Mwalimu, mtoto amefuta mtihani! Hiyo ni sifuri."

"Bwana Mkaguzi, nisikilize." Dafroza alikuwa amekwisha kupiga magoti, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu ahamie Karagwe, ilikuwa ndogo. "Hayo ni majina ya ng'ombe wa kwao. Ulikuwa unawahesabu. Mimi niliwahesabu mwaka huu huu, mbele ya mwenyewe, na ng'ombe akafa. Kosa ni langu mimi. Mtoto usimpe sifuri kwa kosa langu."

Bwana Egbert aliishusha penseli. Alikuwa na bibi mzaa mama aliyetoka mbugani, na pengine alimkumbuka. Alisema kwa upole kiasi, "Aandike tena. Nitasoma kama yana makosa, sitahesabu. Lakini fomu hii inataka nambari, mama. Bukoba hawataki maelezo, wanataka nambari. Nisipoweka nambari hapa, nimeweka sifuri."

Kemirembe akaandika tena. Safari hii aliyatamka kwa kadiri alivyoandika, na huko mlangoni baba yake, asiyejua kusoma, alikuwa anatikisa kichwa kuitikia kila jina. Dafroza alisikiliza kama jina la Mayenje litatajwa. Halikutajwa. Chaki ilipokwisha kuandika Kyasha, mkaguzi alipitia mistari yote kwa macho, mikono nyuma.

"Hakuna kosa," alisema. "Ni wote hao?"

"Wote," alisema Rwegoshora.

"Nambari sina, mzee."

Dafroza angeweza kumgeukia Rwegoshora, akamwomba kwa macho tu. Alitazama nyasi. Alikuwa ameahidi, na ahadi ile ilikuwa inamnyang'anya watoto tisa pamoja na wote ambao wangekuja baada yao, naye akaendelea kutazama nyasi.

Rwegoshora aliegemeza fimbo yake ukutani. Aliingia ghalani, akavua kofia, akasimama kati ya binti yake na ubao.

"Arobaini na mmoja," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Ng'ombe wangu ni arobaini na mmoja. Andika, bwana, niondoke."

Wanawake waliokuwa nje waliguna kwa pamoja. Kemirembe alimwita baba yake, "Tata!" akaziba mdomo. Bwana Egbert aliandika, na mkono wake haukuwa na haraka tena. Mwalimu Yustus alisema, "Sita kati ya tisa," akatoa miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo darasa la ghalani lilivyopona, likaendelea hadi mwaka 1958, na waliopita humo ni wengi. Lakini Dafroza hakubaki kusikia pongezi, kwa sababu Rwegoshora alikuwa amekwisha kushika njia.

Alikwenda kwa hatua ndefu bila kugeuka. Kemirembe alimkimbilia nyuma, na nyuma yake akaja Dafroza akihema, viatu mkononi. Walivuka bonde hivyohivyo. Walifika, wakasimama watatu kando ya zizi, jua likiwa limeshaegemea vilima vya upande wa Rwanda. Rwegoshora alishika mti wa lango, akaikazia macho njia.

Ng'ombe wakaja. Kemirembe aliwataja chini ya pumzi. Bihogo, Kagaju, Mutare, na wengine, na wengine, mpaka lango likabaki tupu na yeye akanyamaza. Wakangoja. Dafroza, ambaye hakuamini mambo hayo na alikuwa anasali, alimshika mtoto mkono. Njia ilikuwa nyeupe, haina kitu. Halafu Kyasha akatokea kwenye kona ya kichaka, anatembea kwa raha zake, anatafuna, akawapita wote watatu bila kuwatazama, akaingia.

Rwegoshora alipitisha magogo langoni, moja baada ya jingine, akayasukuma kwa kiganja kuona kama yameshika.

"Wametimia," alisema. Kisha akamwambia binti yake akale, alale mapema, kwa kuwa kesho kuna shule.